Mpangaji wa Kiti cha Nyuma

Filamu ikiisha watu huinuka. Mpangaji wangu alikuwa hainuki. Alikaa akitazama yale majina yanayopanda mwishoni, ya walioigiza, ya walioshika taa, ya aliyewapikia walioshika taa, naye aliyasoma kwa sauti, moja moja, hata ya Kichina na ya Kihindi, akiyavunjavunja mdomoni kama mtu anayetafuna karanga zenye mchanga. "Asiyesoma majina hajaangalia filamu, Bibi," aliniambia. Mimi nimeishia darasa la nne, kusoma nasoma kwa kidole, lakini jina nikilisikia leo nitakutajia hata baada ya miaka thelathini. Kwa hilo tulipatana. Asubuhi akipiga mswaki pale bombani nilikuwa namrudishia majina yote ya jana, naye anacheka na povu mdomoni.

Lakini jina lake mwenyewe sitaliandika hapa. Wala la dada aliyetaka kumwoa, wala la kaka yake huyo dada. Hayo matatu nimeyafunga. Wengine nitawataja, maana sina kosa nao. Yeye namwita Mpangaji, kama nilivyomwita nikiwa nimekasirika. Nikiwa na furaha nilimwita mjukuu wangu.

Alikaa kwangu Ilomba, hapa Mbeya, miaka kumi na moja, chumba cha nyuma upande wa migomba. Mchana alikuwa fundi simu kule Mwanjelwa. Jioni alirudi, akaoga, akafungua kompyuta yake yenye ufa, akawa mtu mwingine. Alikuwa na tovuti. Nilimwuliza tovuti ndiyo nini.

"Ni kama ule ubao wa matangazo wa kanisani, Bibi. Ila huu anausoma mtu hata akiwa Mwanza."

"Na nani amekupa ruhusa ya kubandika?"

"Nimejipa."

Basi humo ndimo alimoandika habari za filamu, za nje na za kwetu, ipi nzuri, ipi mbaya na kwa nini. Aliiita Kiti cha Nyuma. Alisema filamu alijifunzia kwenye mabanda ya video ya Makambako, na aliyekaa nyuma ndiye aliyefaidi, kwa kuwa anaiona filamu na anawaona wanaoiangalia, na yeye hakuna anayemwona. Jina lake halikuwemo kwenye tovuti, picha yake haikuwemo. Nikamwambia mtu anayeandika bila jina ni mwoga. Akasema, "Bibi, ukiweka jina, kesho mwenye filamu anakuja na kilo mbili za sukari. Utamwandikaje mtu ambaye umekunywa chai ya sukari yake?"

Vipimo vyake vilikuwa vitatu, navyo vilitoka huko huko mabandani. Filamu mbaya aliiandikia "ningetoka." Ya kawaida, "ningekaa." Nzuri kabisa, "ningesimama," kwa sababu banda likijaa aliyechelewa husimama ukutani saa mbili nzima, na hakuna anayesimama saa mbili kwa ajili ya upuuzi. Ningesimama alikuwa anaitoa kwa shida, kama mtu anayetolewa jino. Nilishawahi kumwombea mwigizaji mmoja niliyempenda, mama mnene mwenye sauti nzuri. "Mpe kusimama, baba, mwenzio kahangaika." Akakataa. "Kuhangaika wote wanahangaika, Bibi."

Kila filamu aliiangalia mara tatu. Mara ya kwanza kama watu. Mara ya pili alizima sauti kabisa, akawa anaangalia midomo inavyocheza bure, akisema filamu nzuri hata kiziwi anaielewa. Mara ya tatu aliniita mimi. Hiyo ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nakaa kwenye kigoda, yeye ameshika daftari. Aliniita kwa sababu, alisema, siogopi filamu. Na kweli, mimi niliongea tu. "Huyu mama hajawahi kutwanga, ona anavyoushika mchi kama mwavuli." "Huyu baba anasema ana njaa, mbona tumbo limetangulia?" Alikuwa anaandika. Kisha ananisomea: Mtazamaji mmoja wa Ilomba anasema mchi umeshikwa kama mwavuli. Wee! Nilifurahi. Nikienda sokoni nilijiona watu wote wa Mwanza wananijua.

Umeme ukiisha katikati, na umeme wetu ulipenda kuishia penye utamu, alikuwa anamalizia filamu kwa mdomo, gizani, kwa sauti zote, ya jambazi na ya mtoto na ya mbwa. Mara nyingi umeme ukirudi tuligundua mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wa kwao. Na alikuwa mtu wa kulia mahali pasipo na kilio. Watu wanapigana mapanga, yeye anapiga miayo. Mbuzi anavuka barabara peke yake, hana kazi yoyote kwenye hadithi, Mpangaji anafuta macho.

Jambo ambalo sikulielewa kwake ni hili. Kalamu yake ilikuwa wembe, lakini mdomo wake haukuweza kumwumiza mtu. Mzee Mwaipopo wa nyumba ya tatu alidondosha simu chooni, wakaiopoa, wakamletea. Ilikuwa imekufa, hata mimi niliona. Mpangaji akamwambia, "Tuiangalie kesho, mzee." Kesho, keshokutwa, wiki tatu za kuiangalia kesho. Mwisho akampa simu yake mwenyewe ya akiba, akisema imepona ila imebadilika umbo kidogo. Nikamwuliza, "Wewe, mbona kwa watu asali, kwenye tovuti pilipili?"

Akajibu, "Simu ni ya mwenyewe, Bibi. Filamu ameileta kwa watu wote."

Sasa nifike kwenye filamu ya Igowole. Ninazunguka kwa sababu sitaki kufika.

Kijana mmoja wa Igowole, kule Mufindi, aliuza shamba la miti aliloachiwa na babu yake, akatengeneza filamu. Waigizaji ni ndugu na majirani, ukungu ni wa kwao wenyewe, hakuukodi. Ikafika Mbeya kwa njia za simu, Mpangaji akaiangalia mara mbili, Jumapili akaniita. Ilikuwa na mambo mazuri. Kulikuwa na dada mmoja anabeba ndoo kichwani anakwenda msibani, anapita kwenye mashamba ya chai, ukungu unamfungukia mbele na kujifunga nyuma yake. Mpangaji alirudisha hapo mara nne. Halafu ikaja ile sehemu ya msiba wenyewe. Marehemu amelazwa mkekani, kafunikwa shuka jeupe, akina mama wanalia kwelikweli. Na shuka linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka.

"Hee!" nikasema. "Marehemu anapumua! Jamani, watamzika mzima!"

Nilicheka mpaka kigoda kikanitupa. Mpangaji naye alicheka, kisha akaacha kabla yangu, akashika kalamu.

"Niiweke hii, Bibi?"

"Iweke, baba. Ila usiseme Ilomba, usiseme mtazamaji wala nini. Nisije nikalogwa na watu wa Mufindi."

"Sitasema."

Na hakusema. Aliandika habari ndefu, alinisomea yote. Alisifu ukungu, alimsifu dada wa ndoo kuliko nilivyowahi kumsikia akimsifu mtu, akasema huyu kijana ana jicho na filamu ya pili itakuwa kubwa. Akaipa ningekaa. Ilikuwa haki. Lakini watu hawakubeba sifa. Walibeba maneno mawili, marehemu anapumua, na hayo mawili yalikuwa yangu.

Yalifika Igowole kabla ya wiki kuisha. Kijana akipita barabarani, watoto wanalala chali na kupandisha matumbo. Akiingia dukani, mwenye duka anamwuliza mgonjwa wake anaendeleaje. Filamu ya pili haikutengenezwa. Hayo sisi Ilomba hatukuyajua. Tuliyajua kwa huyo dada wa ndoo, aliyekuwa mdogo wake wa tumbo moja, na ambaye aliiandikia tovuti kwa hasira. Mpangaji alinisomea: Wewe uliyekaa kiti cha nyuma, ungekaa cha mbele ungeona kaka yangu alivyokuwa anatetemeka kwa baridi akishika kamera.

Mpangaji alikaa na barua ile siku mbili. Kisha akamjibu, akaomba radhi kwa uchungu, lakini maneno hakuyafuta. Na mwishoni akamwuliza ile ndoo ilikuwa na maji kweli au ilikuwa tupu. Dada akajibu ilikuwa imejaa, kaka alikataa ndoo tupu, alisema shingo itadanganya. Basi. Kutoka kwenye shingo wakaendelea. Mwaka mzima waliandikiana, halafu wakaonana Makambako, halafu siku moja Mpangaji akaja jikoni kwangu, amevaa shati la pasi mchana wa kazi, akasema, "Bibi, nataka kuoa na sina wazazi."

Nani angefurahi kama mimi? Barua ya posa aliipeleka Mzee Ambakisye, jirani yetu mwenye sauti ya taratibu, tukamfanya mshenga. Ikapokelewa. Kilichobaki ilikuwa siku ya utambulisho, na msemaji wa kutambulisha upande wetu nilichaguliwa mimi, kwa sababu ya kichwa changu cha majina. Usiku wa kuamkia safari Mpangaji alinijia.

"Bibi, kesho ukifika kwangu useme fundi simu. Basi. Yule kaka mtu hajui kuwa ni mimi niliyeandika. Tumepanga tumwambie sisi wenyewe tukishaoana, akishanizoea."

"Nimesikia."

"Bibi."

"Nimesikia! Mimi mtoto?"

Tulikwenda wanne, yeye, mimi, Mzee Ambakisye na Mama Atupele aliyebeba vitenge. Igowole ni baridi, nyumba imejaa watu, makochi yamevalishwa vitambaa. Wakatuamkia, kamwene, kamwene, tukakaa. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa binti, Mzee Kaduma, mtu mrefu mwenye koti. Akaanza. Huyu ni mhasibu, yuko Iringa mjini. Huyu ni mfamasia. Huyu mjukuu wetu yuko chuo mwaka wa pili, uhandisi. Huyu shangazi, mwalimu mkuu mstaafu. Aliwapitia kumi na saba, na kila mmoja aliinuka na cheo chake, na mimi nilikuwa naviweka kichwani huku najiona napungua. Akafika kwa kaka mtu, akasema tu, "Na huyu ni kaka wa binti, mkulima." Yule kijana akainuka nusu, akakaa. Ningekuwa na macho, hapo ningeona mtu.

Ikawa zamu yangu. Nikamtambulisha Mzee Ambakisye, fundi mwashi aliyestaafu. Mama Atupele, mfanyabiashara wa mchele. Nikafika kwa mjukuu wangu. "Na huyu ndiye mwenyewe. Ni fundi simu." Wakapiga makofi, yale makofi ya adabu, mawili matatu. Nikamwona shangazi mwalimu anamwangalia mwenzie na kubana midomo. Fundi simu.

Jamani, kiburi ni kitu kidogo sana kikiwa kinapita. Hata hukioni.

"Tena msimwone fundi simu tu," nikasema. "Huyu ni mwandishi. Ana tovuti. Anaandika mambo ya filamu, wanamsoma nchi nzima."

Mpangaji akagusa kiwiko changu. Nilidhani ananishukuru.

Kaka mtu akainua kichwa. "Mama, samahani. Hiyo tovuti inaitwaje?"

Na mimi, kwa sauti ya juu ili shangazi asikie, "Kiti cha Nyuma!"

Mfamasia aliangalia chini, mwanachuo akaziba mdomo. Binti alikuwa mlangoni na jagi la kunawisha mikono.

Kaka akamgeukia Mpangaji, pole pole. "Ni wewe. Marehemu anapumua, ni wewe."

"Ni mimi, kaka."

"Uliyafikiria mwenyewe hayo maneno? Au kuna mtu alikwambia? Nakuuliza kwa sababu mengine yote uliyoandika nayakumbuka, ni ya mtu mwenye heshima. Hayo mawili tu hayafanani na wewe."

Nilikuwa nimekaa sentimita chache kutoka kwa Mpangaji. Mdomo nilikuwa nao, ndio huo huo uliokuwa wazi sasa hivi. Ningesema, mwanangu, ni mimi, ni ujinga wa mwanamke mzee kwenye kigoda. Pengine wangecheka. Pengine yule kijana angenitukana, nami nikaomba radhi kwa magoti, na utambulisho ukaendelea. Nilimwogopa shangazi mwalimu. Niliogopa vile vyeo kumi na saba. Mpangaji hakunitazama hata kidogo, alijizuia asinitazame.

"Mwenyewe," akasema.

Kaka mtu akatoka nje. Mzee Kaduma akakohoa, akasema wageni wetu, chakula kipo, kuleni, maneno tutayamalizia siku nyingine. Binti akaja kutunawisha. Maji yalikuwa yanaanguka mkononi mwangu, nikamwangalia usoni, naye akaangalia beseni. Nilikula. Hilo nalo nalisema. Nilikula nikashiba.

Barua ya posa ilirudi baada ya wiki mbili kwa mkono wa Mzee Ambakisye. Dada alimpigia Mpangaji simu mara moja. Alisimama na simu huko migombani, na nilichosikia ni naelewa, naelewa, naelewa. Binti alikuwa amekataa kuwa mke wa mtu ambaye kaka yake hawezi kukaa naye meza moja, na sioni kwa nini nimlaumu.

Mpangaji hakunilaumu mimi. Angenifokea ningepona. Alinisalimu kama kawaida, alinichotea maji kama kawaida, Jumapili hakuniita. Baada ya miezi miwili akahamia Iringa. Chumba alikiacha kimefagiwa mpaka uvunguni.

Ilipita miaka minne. Mwaka jana nilikwenda Iringa kwenye ubatizo wa kitukuu, na huko mjukuu wangu Tumpale akanifungulia ile tovuti kwenye simu. Nilishangaa. Kumbe watu wa Igowole walivyolijua jina walilitawanya, na yeye akaona kujificha hakuna maana tena. Jina lake liko pale juu, kubwa, na picha yake anacheka. Nikamwambia Tumpale anisomee. Akasoma ya kwanza, ningesimama. Ya pili, ningesimama. Tukashuka mpaka kidole chake kikachoka, zote ningesimama. Kuna moja nilikuwa nimeiona kwa jirani. Ilikuwa takataka.

Nikaomba nipelekwe kwake. Anakaa Kihesa, chumba na ukumbi, bado ni fundi simu. Mvi zimeanza masikioni. Alinipokea kwa mikono miwili, akasonga ugali mwenyewe, akaniuliza habari za Mama Atupele, za Mzee Mwaipopo, za migomba. Nilipoona ananiuliza mpaka habari za bomba nikajua anazunguka kama ninavyozunguka mimi, nikamkatiza.

"Kesho kutwa nikirudi nitapitia Igowole. Nitamwambia yule kijana maneno yale yalikuwa yangu."

Akaendelea kunawa. "Ili iwe nini, Bibi?"

"Ili ajue. Ilikuwa nimwambie siku ile."

"Siku ile, ndiyo." Alilisema bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniingia. "Dada ameolewa Chunya, ana watoto wawili. Kaka mtu, wale watoto barabarani wamemsahau, sasa analala. Ukienda utamfukulia. Halafu atakayelala vizuri ni nani? Ni wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nilishazoea."

"Nisamehe, mjukuu wangu."

"Nilikusamehe kwenye basi, Bibi, kabla hatujafika Mafinga. Usiende."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa. Msamaha wa tangu Mafinga sikuujua nauweka wapi, maana ulikuwa umekaa miaka yote hiyo na haujamrudishia kitu.

Simu yake ikalia. Akaangalia nani, akajiweka sawa kitini, akapokea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu wa mapokezi.

"Ee, mkurugenzi! Nimeiona, nimeiona yote. Nzuri. Nzuri sana, kaka. Hapana, kweli, mmejitahidi. Mmehangaika jamani. Leo leo naiweka. Hongereni sana."

Akaiweka simu mezani, kioo chini.

"Ilikuwa nzuri kweli?" nikamwuliza.

Akasogeza sahani ya mboga upande wangu.

"Kula, Bibi. Ugali unapoa."